Nyumba ya Kale ya Marafiki Inapotiwa Sokoni

Katika vilima vya Chester na Bucks, nje ya mji wa Philadelphia nchini Marekani, hutukia mara kwa mara kwamba nyumba ya mawe iliyojengwa kabla taifa lile halijapata uhuru wake hutiwa sokoni, na dalali aliyekabidhiwa kazi ya kuiuza huandika katika tangazo lake kwamba ni nyumba ya shamba ya Waquaker, ya karne ya 18, iliyokarabatiwa kwa uangalifu mkubwa, yenye kuta nene, sakafu za mbao pana, meko makubwa ambayo mtu mzima aweza kuinama akaingia ndani yake, banda la mifugo na nafaka lililochimbiwa ubavuni mwa kilima, kibanda cha mawe kilichojengwa juu ya chemchemi ili maziwa na siagi vikae katika baridi ya maji, na ekari kadhaa za majani zinazoteremka mpaka kijitoni. Matangazo ya namna hii huwavuta matajiri wa miji, wala si ajabu, kwa kuwa uzuri wa nyumba hizo ni uzuri wa haki. Lakini walioijenga nyumba ile hawakutafuta fahari. Walikuwa watu wa madhehebu yaliyoikataa fahari, wakiamini kwamba neno la mtu akiwa sokoni lazima liwe sawasawa na neno lake akiwa mbele ya Mungu. Kwa hiyo nyumba yao inapokarabatiwa, na zaidi inapouzwa, ina haki iliyo kubwa kuliko haki ya kupakwa rangi nzuri, nayo ni haki ya kusemwa kwa ukweli: mawe yake, umri wake na watu wake.

Madhehebu hayo yalianza Uingereza katikati ya karne ya 17, wakati George Fox, mtoto wa mfumaji nguo, alipohubiri kwamba kila binadamu ana nuru ya Mungu ndani yake, na kwamba ili kuifikia nuru hiyo hapahitajiwi kasisi, wala madhabahu, wala ada. Wafuasi wake walijiita Marafiki. Jina la Quaker walipewa na watu waliowadhihaki, nao wakalichukua bila chuki. Walikutana katika vyumba vitupu, wakakaa kimya mpaka mmoja wao, mwanamume au mwanamke, asukumwe na Roho kusema. Walikataa kubeba silaha, walikataa kuvua kofia mbele ya wakubwa, na walikataa kula kiapo mahakamani, kwa hoja kwamba mwenye kuapa ili asadikiwe leo amekiri kuwa jana hakustahili kusadikiwa. Katika biashara waliacha desturi ya kupatana bei: mwenye duka miongoni mwao alitaja bei moja tu, ile ile kwa mtoto na kwa mzee, kwa mjuzi na kwa mjinga, akaishikilia. Serikali ya wakati ule iliwatia gerezani kwa maelfu. Ndipo William Penn, mwana wa amiri wa jeshi la majini, ambaye mfalme Charles wa Pili alikuwa na deni kubwa kwa baba yake, alipopewa mwaka 1681 nchi pana ng'ambo ya bahari ya Atlantiki badala ya fedha, na mwaka uliofuata akavuka mwenyewe kwenda kuianzisha Pennsylvania, mahali ambapo Marafiki na watu wa imani nyingine wangeabudu bila hofu.

Wasomaji wetu wa Vihiga na Kakamega hawahitaji kutambulishwa kwa Marafiki. Mwaka 1902 wamisionari watatu wa Kimarekani, Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole, walifika Kaimosi na kuanzisha kazi iliyokua hata leo Kenya ina Marafiki wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Na Chilson, baada ya miaka mingi, akaenda kuianzisha kazi kama hiyo huko Burundi katika mwaka 1934. Ibada ya Kaimosi ina nyimbo na mahubiri, ilhali ile ya Marafiki wengi wa Philadelphia ingali ya kimya kama zamani. Lakini asili ni moja, na mtu wa Kaimosi akiingia katika nyumba ya mawe ya Chester anaingia katika nyumba ya wazee wa imani yake.

Mjengo wa nyumba hizo ulikuwa wa busara. Penn mwenyewe aliwashauri wahamiaji waanze na nyumba ya futi 30 kwa 18, iliyogawanywa kwa ukuta karibu na katikati, na ushauri huo ulikuwa na hekima yake, kwa sababu familia iliyotoka melini ilihitaji paa kabla ya majira ya baridi. Waliofanikiwa waliongeza. Ndiyo maana nyumba nyingi za Marafiki, ukizitazama kwa upande, huonekana kama nyumba mbili au tatu zilizoshikana, ndogo ikiwa ya babu, kubwa ikiwa ya mjukuu. Mawe yalichimbwa papo hapo shambani, mbao zilikatwa katika misitu iliyozunguka, na chokaa ilichomwa katika matanuri ya wilaya, kwa kuwa ardhi ile ina mawe ya chokaa tele. Ndani hamkuwa na nakshi nyingi: ubao ulionyooka, vigingi vya kutundikia kofia, kabati iliyojengwa ukutani kando ya meko, na madirisha yaliyowekwa ili mwanga ufike penye kazi.

Hata hivyo, tusidhani kwamba watu hawa hawakuwa na moyo wa kupamba. Ng'ambo ya mto Delaware, katika wilaya ya Salem, jimbo la New Jersey, Marafiki waliokuwa na matofali badala ya mawe waliyapanga matofali yaliyoungua mpaka yakang'aa pamoja na yale mekundu, wakafanya ukuta mzima wa ubavuni uwe kama mkeka uliosukwa. Nyumba ya Hancock, iliyojengwa mwaka 1734, ina mistari ya kwenda mbele na kurudi juu ya ukuta wake, na juu kabisa zimeandikwa kwa matofali herufi za William na Sarah Hancock pamoja na mwaka. Namna hiyo ya kuandika mume na mke pamoja juu ya nyumba yao naipenda sana, maana ni hati ya milki iliyoandikwa mahali pasipofichika, nayo inakiri kwamba nyumba ni ya wawili. Mnunuzi wa leo akiona jiwe lenye herufi na tarehe juu ya mlango au chini ya paa, asilione kuwa ni pambo tu. Hilo ndilo shahidi wa kwanza wa nyumba, ijapokuwa naye yafaa ahojiwe, kwa sababu jiwe laweza kuhamishwa kutoka jengo moja kwenda jingine.

Mashahidi wengine wamejificha. Msumari uliofuliwa kwa mkono wa mhunzi una kichwa kisicho sawa, nao hueleza habari za karne ya 18. Msumari uliokatwa kwa mashine ulienea karne iliyofuata. Na ule wa waya, mviringo na laini, haukutawala mpaka karne ya 19 ilipokuwa inakwisha. Ubao uliopasuliwa kwa msumeno wa kinu cha maji una alama zilizonyooka. Uliopasuliwa kwa msumeno wa duara una alama zilizopinda, na huo hauwezi kuwa wa zamani sana. Wataalamu wa siku hizi hutoboa boriti na kuhesabu pete za mti, wakautaja hata mwaka mti ulipokatwa. Mkarabati mwenye insafu huviacha vitu hivi mahali pake ili aje avisome mwingine. Mkarabati mwenye haraka hung'oa misumari, hupiga randa sakafu mpaka ikametameta kama sahani, halafu huiita kazi yake urejeshaji.

Mfano mzuri wa urejeshaji, pamoja na taabu zake, ni nyumba ya Brinton, karibu na kijiji cha Dilworthtown. William Brinton, Rafiki na mkulima, aliijenga mwaka 1704 kwa namna ya nyumba za Uingereza za zamani zaidi: paa refu lenye mteremko mkali, kuta za mawe zenye unene wa inchi 22, na madirisha 27 ya vioo vidogo vilivyoshikwa kwa vipande vya risasi. Vizazi vilivyofuata viliibadili kama ilivyo haki ya wanaoishi ndani ya nyumba, na katika miaka ya 1950 msanifu majengo G. Edwin Brumbaugh aliirudisha katika sura ya 1704. Leo nyumba hiyo ni ya makumbusho na inapendeza mno. Lakini kila urejeshaji wa namna hii una gharama isiyoandikwa katika hesabu za mafundi: ili mwaka 1704 urudi, yapasa miaka mia na zaidi iondolewe, na waliozaliwa, kuoa na kufa katika miaka hiyo hupoteza milango na madirisha yao. Kwa nyumba ya makumbusho, ambayo ni adimu katika aina yake, nakubali kwamba gharama hiyo yaweza kulipwa. Kwa nyumba ya kuishi watu, nadhani ni heri kuiacha ikae na umri wake wote.

Kisha kuna Pennsbury, maskani ya Penn mwenyewe kando ya mto Delaware. Nyumba ya asili ilianguka na kutoweka, na ile inayoonekana leo ilijengwa upya juu ya misingi ya kale, ikamalizika mwaka 1939. Walioijenga walikuwa na mapenzi na elimu, lakini sehemu kubwa ya walichokisimamisha ni dhana iliyovikwa matofali. Hakuna ubaya maadamu mgeni anaambiwa. Ubaya huanza pale nyumba ya mtu binafsi, iliyotiwa meko mapya na boriti zilizonunuliwa katika banda la wilaya nyingine, inapouzwa kama kwamba mikono ya mwaka 1740 ndiyo iliyoviweka vyote.

Katika mambo yote ya ukarabati, linaloharibu nyumba nyingi zaidi ni saruji, nalo ni jambo ambalo watu wa pwani yetu wanalijua vizuri. Kuta za mawe za Marafiki zilijengwa kwa chokaa, ambayo ni laini kuliko jiwe, nayo huruhusu unyevu kuingia na kutoka. Ukuta ukitikisika kidogo, chokaa hujikunja pamoja nao, na baada ya miongo ikichakaa huondolewa na kujazwa nyingine, jiwe likabaki zima. Katika miaka ya 1870, huko Coplay katika bonde la Lehigh, si mbali na vilima hivi, ndipo Wamarekani walipoanza kutengeneza saruji ya Portland kwao, na kabla ya muda mrefu kila fundi aliiona kuwa dawa ya kila ufa. Saruji ni ngumu kuliko mawe mengi ya kale, wala haipumui. Ikijazwa kati ya mawe, maji yaliyoingia ukutani kwa juu au kutoka ardhini hukosa njia ya kutokea, hujikusanya, na wakati wa baridi huganda, hutanuka na kulimega jiwe lenyewe, wakati saruji imesimama pale pale bila doa. Huku kwetu hakuna barafu, bali chumvi hufanya kazi iyo hiyo: mwenye nyumba ya kale ya mawe ya matumbawe Lamu au Mji Mkongwe wa Unguja, akiipiga lipu ya saruji juu ya ukuta wa chokaa, huona baada ya miaka michache lipu inabanduka mapande mapande, na nyuma yake ukuta umelowa na kuwa unga. Fundi wa Lamu anayejua kuilaza chokaa mpaka ikomae na mwashi wa Chester anayeijua chokaa yake wangeelewana bila mkalimani. Basi yeyote anayetaka kununua nyumba ya namna hii na aanze kwa kuuliza swali hili moja, kabla ya kuuliza habari za jiko au bafu: kati ya mawe haya pamejazwa kitu gani? Ikiwa jibu ni saruji, neno la ukarabati wa uangalifu lililoandikwa katika tangazo halijathibitika bado.

Nimesema pia kwamba nyumba ina haki ya ukweli kuhusu watu wake, na hapa ndipo matangazo yanapokosa zaidi. Marafiki husifiwa, kwa haki, kama watu waliotangulia kuupinga utumwa. Mwaka 1688, katika Germantown, wanne kati yao walitia saini hati ya kuupinga, wakiuliza ni kwa vipi watu waliokimbia kudhulumiwa Ulaya waweza kuwadhulumu wengine kwa ajili ya rangi yao. Lakini hati hiyo ilipelekwa kutoka mkutano mmoja hadi mwingine, na hakuna mkutano uliothubutu kuitimiza. Miaka 88 ilipita kabla Mkutano wa Mwaka wa Philadelphia haujawaamuru wanachama wake, katika mwaka 1776, wawaache huru watumwa au watengwe. Katika muda wote huo nyumba nyingi za Marafiki zilikuwa na watumwa ndani yake. Rowland Ellis, Rafiki kutoka Wales, alijenga mwaka 1704 nyumba aliyoiita Bryn Mawr. Mwaka 1719 ikanunuliwa na Rafiki mwingine, Richard Harrison wa Maryland, aliyekuja na watumwa na kulima tumbaku, na nyumba ikaja kuitwa Harriton. Mauzo yale yalibadili maisha ya shamba zima, wala hakuna ukarabati wa haki unaoweza kusimulia mwaka 1704 ukanyamaza juu ya 1719.

Stenton, nyumba ya James Logan aliyekuwa katibu wa Penn, ni mfano ulio wazi zaidi. Ni nyumba ya matofali, tulivu na iliyopimwa vizuri, iliyokamilika mwaka 1730, na kwa muda mrefu wageni walielezwa habari za vitabu vya Logan, ambavyo vilizidi 2,600 na sasa vimehifadhiwa katika maktaba mjini Philadelphia. Lakini nyumba hiyo imesimama leo kwa sababu ya Dinah, mwanamke wa asili ya Kiafrika aliyetumikishwa na familia hiyo mpaka alipopewa uhuru wake mwaka 1776, akabaki kuwa mtumishi. Katika mwaka 1777, wakati wa vita vya uhuru, yeye ndiye aliyekuwa akiitunza nyumba, na kwa masimulizi yaliyohifadhiwa na familia, askari wawili wa Uingereza walikuja kuichoma, wakamwambia ajiondolee vitu vyake, wakaenda bandani kutafuta majani makavu ya kuwashia moto. Mara akaja ofisa wao akiuliza kama ameona askari watoro. Dinah akamwambia kwamba wako wawili, wamejificha bandani. Ofisa akawakamata na kwenda nao, na nyumba ikasalimika. Akili ile ya ghafula, katika saa ya hatari, iliokoa matofali yote ambayo wasanifu huja kuyapima mpaka sasa.

Upande wa pili wa hadithi una hatari yake pia. Kwa kuwa Marafiki wengi wa karne ya 19 waliwaficha watumwa waliotoroka na kuwavusha kwenda kaskazini, kila pishi lenye giza na kila kishimo nyuma ya meko sasa hutajwa katika matangazo kuwa ni maficho. Nyumba zenye ushahidi zipo. Ile ya Levi na Catharine Coffin, katika kijiji ambacho leo huitwa Fountain City, jimbo la Indiana, iliyojengwa mwaka 1839, ilipitiwa na wakimbizi wengi sana, nayo ina kisima ndani ya nyumba, ili wingi wa maji yanayotekwa usiwafumbue macho majirani. Na Coffin aliandika habari zake mwenyewe. Familia ilihama mwaka 1847, nyumba ikapita mikononi mwa watu mbalimbali, ikawa hata hoteli, mpaka serikali ya jimbo ilipoinunua mwaka 1967 na kuirejesha. Katika mji wa Philadelphia, William Still, mtu mweusi aliyezaliwa huru na ambaye wazazi wake walikuwa watumwa, aliandika majina na visa vya waliopita mikononi mwake, akavichapisha mwaka 1872. Kwa hiyo madai yanaweza kuchunguzwa. Anayedai bila hati, ili aongeze thamani ya nyumba, anawachuuza watu ambao mababu zao waliwahi kuuzwa, na hilo ni baya kuliko saruji.

Sitaki mtu adhani kwamba nalaumu uuzaji wenyewe. Mara nyingine uuzaji ndio wokovu. Familia ya Peirce, Marafiki walioipata ardhi yao kutoka kwa Penn mwaka 1700 na kujenga nyumba ya matofali mwaka 1730, walipanda kuanzia mwaka 1798 miti ya kila namna, ikawa miongoni mwa bustani za miti zilizosifika katika taifa. Lakini mwaka 1906 shamba lilikuwa limepita mikononi mwa wengine na miti ilikuwa tayari kukatwa kuwa mbao. Pierre du Pont, mtu wa viwanda, alilinunua shamba zima kwa sababu ya miti hiyo. Leo mahali hapo ni Longwood, bustani inayozuriwa na watu wa dunia nzima, na nyumba ya Peirce ingali imesimama katikati yake.

Sheria ya Marekani husaidia kidogo kuliko watu wanavyodhani. Tangu mwaka 1966 kuna daftari la taifa la mahali pa historia, na kibao chake cha shaba hupendeza ukutani, lakini mwenye nyumba anayetumia fedha zake mwenyewe aweza kuibomoa nyumba iliyoandikwa humo bila kuvunja sheria ya taifa. Nafuu ya kodi ya asilimia 20 kwa ukarabati ni ya majengo ya kuingiza mapato, wala haimfikii anayeikarabati nyumba apate kuishi. Kinachofunga kweli ni hati ya hifadhi ambayo mwenye milki huitoa kwa hiari yake kwa taasisi ya kulinda mazingira au majengo, akiacha milele haki ya kubomoa au kuigawa ardhi viwanja. Hati hiyo humfuata kila mnunuzi. Wauzaji wengine huiogopa kwa kuwa hupunguza bei. Mimi nasema kwamba nyumba yenye hati hiyo ndiyo ya kununuliwa kwanza.

Basi kwa msomaji wetu aliye Marekani, au mwenye jamaa huko anayefikiri kununua nyumba ya namna hii, nasihi yangu ni hii. Nenda West Chester kwenye kumbukumbu za wilaya ya Chester, usome hati za milki kuanzia ya kwanza, na orodha za mirathi pia, kwa kuwa humo ndimo majina ya watumwa yalimoandikwa pamoja na vyombo na ng'ombe. Tafuta mwashi anayeijua chokaa. Dai maelezo ya rangi za zamani zenye risasi, ambayo sheria inamlazimisha muuzaji wa nyumba yoyote iliyojengwa kabla ya 1978 kuyatoa kwa kadiri ayajuavyo, maana risasi hudhuru ubongo wa watoto. Tembelea Stenton kwanza, na mwongozaji akianza na Logan, mwombe aanze na Dinah. Ukiona baada ya hayo yote kwamba unachotaka ni meko ya kupigia picha, iache nyumba hiyo wainunue wengine. Nyumba mpya ziko nyingi katika wilaya ya Chester.